Haki ya Nyumba Haifutwi na Safari

Safari, hata ikiwa ya kheri, ina mashaka yake. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba safari ni sehemu ya adhabu kwa kuwa humkosesha mtu usingizi na chakula chake, na akausia kuwa msafiri akishatimiza haja yake asikawie kurudi kwa watu wake. Wengi wetu huishika sehemu ya kwanza ya mafunzo haya, tukaitumia kama udhuru wa kulala, na ile ya mwisho tukaiacha. Tumeamrishwa kurudi kwa watu wetu, wala si kwa vitanda vyetu.

Juma lililopita lilitupa nafasi ya kulipima jambo hili kwa miili yetu wenyewe. Jumapili usiku tulipanda basi kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 480. Siku mbili zilikwisha katika vikao vya masomo ya madrasa. Jumatano tukaelekea Garissa, Alhamisi tukarudi Nairobi, na Ijumaa tukashika treni hadi Miritini. Tulipofika nyumbani, miguu ilikuwa imevimba na sauti imekauka.

Mlangoni tulipokewa na watoto, na swali lao lilikuwa moja: "Baba, kesho twaenda kuwinda?" Ahadi hiyo tuliitoa kabla ya safari. Nyuma yao alisimama mama yao, naye hakuuliza kitu. Tulimtazama tukaona kwamba yeye pia alikuwa na juma lake: watoto wanne, mmoja wao mwenye homa, maji ya mfereji yaliyokatika siku tatu, na hapana wa kumpokea mzigo. Tofauti yetu ni kwamba uchovu wetu ulikuwa na tiketi za kuuthibitisha, na wake haukuwa nazo.

Hapa tukumbuke hukumu ya sala ya msafiri. Mwenyezi Mungu kwa rehema Zake amempunguzia Adhuhuri, Alasiri na Isha zikawa rakaa mbili mbili. Lakini akishaingia mjini kwake, ruhusa ile huondoka na sala hurudi kuwa kamili, hata kama mwili bado umechoka. Basi iwapo haki ya Mola hurudi kamili mtu anapofika kwake, haki ya mke na watoto itabakije nusu? Salman al-Farisi (R.A.) alipomtembelea nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha kwa kuwa mume ameshughulika na ibada usiku na mchana, alimkumbusha kwamba mwili una haki, na watu wa nyumbani wana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuwa udhuru, kazi ya mshahara itakuwaje udhuru?

Jumamosi, basi, tulikwenda kuwinda. Msomaji atauliza: vipi, na uwindaji wa wanyama wa porini umepigwa marufuku nchini Kenya tangu 1977? Ni kweli, na sheria hiyo tunaitii. Lakini Kiarabu hulitumia neno moja, *swaid*, kwa mawindo ya nchi kavu na ya baharini. Katika Suratul Maida, aliyehirimia amekatazwa mawindo ya bara, na ya bahari akaachiwa. Sisi watu wa Pwani tumeruzukiwa pori hilo la maji mbele ya milango yetu.

Ulikuwa mwezi kumi na sita, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba kubaki wazi. Tulivuka kivuko cha Likoni baada ya Alfajiri, na kufikia saa nne tulikuwa juu ya mwamba wa Msambweni, viatu miguuni kwa kuhofia miiba. Mama watoto amelelewa upande huo, na pweza alifunzwa kuwinda na nyanya yake. Alituambia kwa upole, "Sheikh, wewe shika kikapu. Fimbo niachie mimi." Tukatii.

Aliwaonyesha watoto shimo lenye maganda ya kaa na vijiwe vilivyopangwa mlangoni, na jiwe moja ambalo, ukilitazama sana, hubadili rangi. Aliingiza fimbo taratibu, mnyiri ukaizunguka, akavuta. Alimuua kwa pigo moja katikati ya macho, kisha ndipo akampigapiga kumlainisha, kwani tumeamrishwa kufanya wema hata katika kuua. Shimo la pili alikuwamo jike akilinda mayai. Mtoto mmoja aliinua fimbo, mama akamshika mkono: "Huyo tumwache. Akifa yeye, na wanawe wamekwenda." Watoto wakaonywa pia wasikanyage matumbawe yaliyo hai, na wasichukue wadogo.

Tulipata pweza watatu. Maji yalipoanza kujaa tulitoka, tukaswali Adhuhuri, na jioni tukampelekea jirani mmoja wao. Tulilala mapema usiku ule, sote, na tulipoamka mwili ulikuwa umepona kuliko ambavyo ungepona kwa kulala mchana kutwa.

Lakini faida kubwa haikuwa pweza. Watoto walimwona mama yao akiwa mwalimu na baba yao akiwa mwanafunzi mwenye kikapu. Naye alipata siku ambayo kazi yake ilionekana, ikasifiwa.

Enyi baba mnaosafiri, si lazima iwe bahari. Yatosha kumpeleka mama watoto kwa wazazi wake, au kushika jiko ili alale. La muhimu ni mtimize mliloahidi, na mumuulize yeye anataka nini. Nanyi kina mama, mwacheni msafiri anywe chai na aoge kabla ya kumpa habari za mfereji.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe vitulizo vya macho kwa watu wa nyumba zetu, na awarejeshe salama wote walio njiani. Amin.