Sausani: Ua la makaburini na watu wasio na bustani

Sisi watu wa pwani tukitajiwa maua, mawazo yetu huenda kwenye asumini, kilua, mkadi na mrehani. Lakini lipo ua ambalo Waislamu wamelisafirisha karne nyingi, na wengi wetu hatulijui. Waarabu huliita sausani, Wazungu huliita airisi. Aina yake nyeupe asili yake ni Yemeni na Arabuni, nayo ilienea hata ikafika Uturuki na Hispania kwa kuwa Waislamu waliipanda makaburini. Mizizi ya jamaa zake hukaushwa, ikawekwa miaka kadhaa, kisha ikatiwa katika manukato.

Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,000, baridi yake yalifaa ua hili. Nimeliona katika bustani za Lavington. Petali tatu husimama, tatu huinama, na zile zilizoinama zina manyoya kama ndevu. Wanaolitunza, wengi wao hulala Kawangware, jirani tu, au Kibera.

Mzee mmoja wa Kawangware alinieleza kazi yake. Shina la sausani hulala ardhini mithili ya tangawizi. Ukilifukia lote, litaoza. Mgongo wake sharti uote jua, mizizi tu ndiyo ifunikwe. Lataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Baada ya miaka mitatu au minne vipande hubanana na maua hupungua. Basi maua yakiisha, na mvua kubwa ikiwa imepita, aling'oa shada zima, akakata kwa kisu kikali vipande vichanga vyenye majani na mizizi, akapunguza majani yakabaki kama shubiri moja, akavipanda mbalimbali. Kipande kikuukuu cha katikati hutupwa.

Nikamwuliza, "Mzee, na vichanga vinavyozidi?"

"Hutupwa vilevile," akajibu. "Mimi nina chumba kimoja. Nitapanda wapi?"

Jawabu hilo ndilo lililonifanya niandike. Kibera, baada ya ghasia za mwaka 2008, watu wengi walifundishwa kupanda sukumawiki na mchicha katika magunia. Ni hekima kubwa, lakini gunia la mwenye njaa halina nafasi ya ua.

Hata hao Wanubi, ndugu zetu Waislamu walioanzisha Kibera na kuiita Kibra, yaani msitu, wamebanwa. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, eka 4,197. Mwaka 2017 walipopewa hati ya ardhi ya jumuiya, ilikuwa ya eka 288.

Msomaji wa Mombasa au Lamu, usihangaike na sausani. Joto letu na unyevu wetu vitaiozesha. Ujuzi huohuo utumie kwenye mchaichai wako: kikichakaa kichaka, kigawe, umpe jirani.

Ama wewe mwenye bustani Nairobi, kipande cha sausani chaweza kukaa siku kadhaa nje ya udongo bila kufa. Usikitupe. Kifunge katika gazeti, umpe mtunza bustani wako, na kopo la kupandia umpe pia. Aliyelilea ua hilo miaka yote naye ana haki ya kuliona mlangoni pake.