Kijana wa Mpira Huchukuliwa Lini?

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Methali hiyo hutajwa mara nyingi wazazi wanaposhauriana juu ya mtoto mwenye kipaji cha mchezo. Lakini wakazi wa Nchelenge na Kashikishi, ambao riziki yao hutoka katika Ziwa Mweru, wanajua kwamba kumkunja samaki si sawa na kumvua. Kila kimoja kina wakati wake.

Ziwa lenyewe limetoa fundisho. Zamani samaki aitwaye mpumbu alipanda Mto Luapula kwa wingi kila mwaka kwenda kutaga mayai. Wavuvi walimnasa njiani kabla hajataga, na katikati ya karne ya 20 uvuvi huo ukaporomoka. Siku hizi uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana.

Klabu za mpira nazo hukabiliwa na swali hilo hilo. Nafasi za usajili ni chache. Klabu kama Green Buffaloes ya jeshi, Red Arrows ya jeshi la anga au Nkwazi ya polisi, ikimpa nafasi mvulana ambaye hajaiva, inamnyima mchezaji mzima wa kuisaidia leo. Ikingoja mpaka kila mtu amemwona, wengine watakuwa wamekwisha kumchukua. Kwa upande wa mzazi, hasara ni kubwa zaidi: mtoto aondokaye nyumbani mapema hupoteza shule, na pengine hurudi bila mpira wala cheti.

Makosa mengi hufanywa mtoto anapokuwa na umri wa miaka 13 au 14. Katika umri huo mvulana mmoja huweza kuwashinda wenzake kwa sababu tu mwili wake umetangulia kukua. Baada ya miaka mitatu wenzake humfikia, na ile tofauti hutoweka. Kwa hiyo wakati huo ni wa kumkunja: kumfundisha kutumia miguu yote miwili, kutii mwalimu, kulala mapema na kula vizuri. Si wakati wa kumvua.

Wakati ufaao kumchukua huja kati ya miaka 17 na 18, mwili unapokaribia kutulia na kijana amekwisha kucheza na watu wazima walau msimu mmoja. Hapo mtazamaji asihesabu mabao peke yake. Na aangalie kama kijana huendelea mwezi hadi mwezi, na kama baada ya kucheza vibaya hurudi wiki ya pili akiwa amejirekebisha.

Mfano upo Zambia. Patson Daka na Enock Mwepu walilelewa katika klabu ya Kafue Celtic. Mwaka 2017, wote wawili wakiwa wametimiza miaka 18, walikwenda kucheza Austria. Mwaka huo huo Zambia ilitwaa Kombe la Afrika la vijana chini ya miaka 20, na Daka akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mwaka 2021 wote wakahamia Uingereza, Daka Leicester City na Mwepu Brighton.

Hata aliyechukuliwa kwa wakati wake huhitaji kungojewa. Katika mchezo wa besiboli, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates ya Marekani mwaka 2008, akiwa na miaka 18. Alicheza katika ligi za chini mpaka Aprili 2017, alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kukulia barani na kufika ligi kuu ya huko. Asiyeweza kungoja hivyo, heri amwache kijana kwa anayeweza.

Tena hakuna kipaji chenye dhamana. Oktoba 2022 Mwepu alilazimika kuacha mpira akiwa na miaka 24, kwa ugonjwa wa moyo wa kurithi. Kwa hiyo elimu ya sekondari imalizwe, na kijana apimwe afya, moyo ukiwemo, kabla ya kuingia katika mazoezi makali.

Mzazi afahamu pia kanuni za FIFA. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache. Mojawapo huwahusu wakazi wa mipakani, kama hawa wanaopakana na Kongo: kijana na klabu wote wawe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, naye aendelee kuishi kwao. Kadhalika, klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 zina haki ya fidia ya malezi, na hugawiwa sehemu ya asilimia 5 ya ada anapouzwa kwa klabu ya nchi nyingine. Haki hiyo huhitaji ushahidi wa usajili.

Basi anapofika mgeni Nchelenge akisema anatafuta wachezaji, aulizwe anatoka klabu gani, kijana atalala wapi, atasoma shule gani na nani atalipa akiumia. Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi, na cheti cha kuzaliwa kibaki mikononi mwa mzazi. Mgeni anayekataa kuandika aende zake. Kijana arudi mazoezini, naye bado ana muda.