SODA YA AISKRIMU: BARIDI HAISAFISHI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Lisikilize kwanza, kisha lisome polepole.

Somo letu la leo lina kusoma, lina hesabu, na lina afya. Lakini tutalipitia kwa kitu kitamu. Leo tutatengeneza soda ya aiskrimu, yaani soda baridi yenye donge la aiskrimu linaloelea juu yake.

Labda wasema moyoni, "Hicho ni kinywaji cha hotelini, mimi nitakipata wapi?" La, ndugu yangu. Vyombo vyake ni kopo, ndoo, barafu na chumvi. Hata friji si lazima. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo nawe utaunda chako kielee.

Lakini kuna neno moja la lazima. Fungua daftari lako, uliandike juu ya ukurasa: BARIDI HAISAFISHI.

(Kimya kidogo. Wanafunzi waandike.)

Sasa sikiliza maana yake. Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiwa baridi sana, vijidudu vya maradhi hufa. Sivyo. Moto mkali huua vijidudu hivyo. Baridi huvilaza usingizi tu. Maji machafu yakigandishwa, vijidudu vingi huweza kubaki hai ndani ya barafu. Barafu ikiyeyuka katika bilauri, huamka tena. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kupata kuhara, homa ya matumbo au hata kipindupindu, huku akidhani amekunywa kitu safi kwa kuwa kilikuwa baridi.

Tena fikiri, nani hunywa soda ya aiskrimu? Ni watoto, siku ya sikukuu. Na mtoto mdogo akiharisha, maji humwishia mwilini upesi kuliko mtu mzima. Basi usafi wote ufanywe kabla ya baridi, si baada yake. Tukumbuke hilo katika kila hatua.

KINYWAJI HIKI KILITOKA WAPI?

Mwaka 1767, katika mji wa Leeds huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye Joseph Priestley aliishi karibu na kiwanda cha pombe. Aliona kwamba juu ya mapipa ya pombe inayoumuka hutanda hewa fulani. Akaweka maji katika hewa hiyo, na maji yakaanza kuwa na vipovu na ladha ya kuchangamsha ulimi. Hewa hiyo leo huitwa hewa ya kaboni, nayo ndiyo hutoa "shhh" unapofungua chupa ya soda.

Mwaka 1843, huko Philadelphia, Marekani, bibi mmoja aitwaye Nancy Johnson alipata hati ya serikali kwa ajili ya mashine yake ya kutengeneza aiskrimu. Ilikuwa ndoo yenye barafu na chumvi, na ndani yake chombo kingine chenye mkono wa kuzungusha. Njia tutakayotumia leo ni hiyo hiyo, ila mkono wa kuzungusha utakuwa mkono wako.

Baadaye, mwaka 1874, katika mji huo huo wa Philadelphia, palikuwa na maonyesho ya chama cha elimu kiitwacho Franklin Institute. Muuza soda mmoja, Robert Green, alisema kwamba hapo ndipo alipotia aiskrimu katika soda, akawa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Watu wengine nao walidai kuwa wao ndio waliotangulia. Sisi tusiingie katika ugomvi wao. Twende jikoni.

VITU VINAVYOTAKIWA

Andika orodha hii. Katika kila mstari andika hesabu kwanza, kisha jina la kitu.

Vikombe 2 vya maziwa.
Vijiko vikubwa 4 vya sukari.
Kijiko kikubwa 1 cha unga wa kastadi.
Punje 3 za hiliki, zilizotwangwa.
Kilo 2 za barafu.
Nusu kilo ya chumvi.
Chupa 4 za soda, kila moja ya mililita 300.

Vyombo ni hivi: sufuria, mwiko, kopo safi la lita 1 lenye kifuniko kinachobana vizuri, ndoo ndogo, vitambaa viwili safi, na bilauri 8. Soda yafaa iwe ya tangawizi au ya vanila. Soda ya machungwa au ya ndimu yaweza kuyafanya maziwa yafanye chembe nyeupe, kwa sababu ya ukali wake. Hizo si sumu, ila hazipendezi machoni.

HATUA YA KWANZA: KUPIKA

Nawa mikono kwa sabuni. Osha kopo, kifuniko na mwiko, kisha uvimwagie maji yanayochemka.

Chukua maziwa kidogo ya baridi, ukoroge unga wa kastadi humo mpaka madonge yote yaishe. Maziwa mengine yatie katika sufuria pamoja na sukari na hiliki, uyaweke motoni. Yakipata moto, mimina ule unga uliokorogwa, huku ukikoroga bila kuacha. Maziwa yataanza kuwa mazito kama uji mwepesi. Usiyaondoe bado. Ngoja mpaka yachemke kweli kweli, tena yaendelee kuchemka kwa dakika moja au mbili.

Hapa ndipo vijidudu hufa. Ukiiruka hatua hii, hakuna barafu duniani itakayokusaidia baadaye.

Sasa funika sufuria, uiweke ndani ya beseni la maji baridi ili ipoe upesi. Usiiache mezani saa nyingi. Maziwa ya uvuguvugu ni shamba zuri la vijidudu, na yafaa yawe tayari kugandishwa kabla ya saa 2 kupita. Yakisha poa, yamimine katika kopo. Kopo lisijae. Acha nafasi ya juu, kwa sababu mchanganyiko ukigandishwa hutanuka.

HATUA YA PILI: KUGANDISHA

Vunja barafu vipande vidogo. Iweke ndani ya mfuko safi, uigonge kwa mchi. Tia barafu kiasi chini ya ndoo, unyunyize chumvi. Simamisha kopo katikati. Halafu jaza pembeni, safu ya barafu, safu ya chumvi, mpaka ukaribie shingo ya kopo. Usiifikie kifuniko. Maji ya chumvi yakiingia ndani, kazi yote imepotea.

Sasa utauliza, "Mwalimu, chumvi ni ya nini? Kwani twapika mchuzi?" Swali zuri. Barafu inapoyeyuka hunyonya joto la vitu vilivyo karibu nayo. Lakini barafu yenye maji, bila chumvi, hukaa katika nyuzi 0, basi haishuki zaidi. Maziwa yenye sukari hayagandi katika nyuzi 0. Yataka baridi ya chini ya hapo. Chumvi huifanya barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya nyuzi 0, na kila inapoyeyuka huzidi kunyonya joto. Vikichanganywa kwa kipimo sawasawa, baridi yaweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri. Katika ndoo yako haitafika mbali hivyo, lakini itatosha.

Kwa hiyo jihadhari. Baridi hiyo huumiza ngozi kama moto. Usitie mkono mtupu ndani ya ndoo, wala usimwache mtoto achezee humo.

Shika kopo kwa juu, kwa kitambaa. Lizungushe kulia na kushoto, kulia na kushoto, bila kupumzika sana. Kila baada ya dakika 10, pangusa kifuniko kwa kitambaa cha pili kisichokuwa na chumvi, fungua, na ukwangue kwa mwiko yale yaliyoganda ubavuni. Yachanganye na ya katikati, ufunike tena. Kukwangua huku huzuia chembe kubwa za barafu, na huingiza hewa kidogo, ndiyo maana aiskrimu huwa laini. Baada ya dakika 30 au 40 itakuwa nzito, hata mwiko wasimama. Hiyo ni aiskrimu.

Ngoja, kuna jambo kubwa hapa. Mahali pengi, hasa pwani na kando ya maziwa makuu, barafu ya bei nafuu ni ile ya kuhifadhia samaki. Barafu hiyo yafaa kwa ndoo yako, maana inakaa nje ya kopo. Lakini haifai kabisa kutiwa katika bilauri. Hujui maji yake yalitoka wapi, wala iliburutwa juu ya sakafu gani. Kama wataka vipande vya barafu katika kinywaji, chemsha maji, yapoe, uyagandishe mwenyewe katika chombo safi. Barafu mbili hizi zifanane machoni, lakini usizichanganye mikononi.

HATUA YA TATU: KUUNGANISHA

Chupa za soda ziwe zimepozwa. Zizamishe katika maji baridi kabla hujaanza kazi, na uzipanguse midomo vizuri kabla ya kuzifungua.

Tia soda kidogo katika bilauri, kama vidole viwili. Weka donge moja la aiskrimu. Kisha uinamishe bilauri, umimine soda iliyobaki polepole ubavuni. Utaona povu jeupe likipanda. Acha litulie, halafu uongeze. Haraka haraka haina baraka; hapa ukifanya haraka, meza ndiyo itakayokunywa soda yako.

Kwa nini povu hupanda hivyo? Katika soda, hewa ya kaboni imebanwa ndani ya maji. Aiskrimu ina chembe za barafu na vipovu vidogo, na hewa ile hupata mahali pa kukusanyikia, ikatoka kwa wingi. Mafuta na protini za maziwa huyazunguka mapovu yasipasuke upesi. Na soda ya moto haiwezi kushika hewa nyingi kama soda baridi. Ndiyo sababu humwagika sana.

Na kwa nini aiskrimu huelea? Kwa sababu ndani yake mna barafu na hewa, navyo ni vyepesi kuliko maji.

HESABU NA BUSARA

Chupa 1 ya soda hutosha bilauri 2. Tuna bilauri 8. Je, twahitaji chupa ngapi? Gawanya 8 kwa 2. Jibu ni 4. Sasa, kama wataka kuuza, andika bei ya kila kitu ulichonunua: maziwa, sukari, kastadi, hiliki, barafu, chumvi, soda, na makaa. Jumlisha zote. Gawanya kwa 8. Hapo utajua bilauri moja imekugharimu kiasi gani. Ukiiuza kwa bei hiyo hiyo, umefanya kazi ya bure. Mtu asiyeandika hesabu yake huona fedha zikiingia, asione zinavyotoka.

Muuzaji naye ana deni kwa mnunuzi. Aiskrimu ikiyeyuka kabisa na kukaa katika joto, usiigandishe tena ukaiuza kesho. Itarudi kuwa ngumu, itapendeza, lakini vijidudu vilivyozaliana wakati wa joto vitakuwa bado vimo. Hasara ya kopo moja ni ndogo kuliko hasara ya mtoto wa jirani kulazwa hospitali.

Tena usisahau sukari. Chupa moja ya soda mara nyingi huwa na sukari ya vijiko 7 hivi vya chai, na aiskrimu ina yake. Basi hiki ni kinywaji cha sikukuu, si cha kila siku. Mwenye ugonjwa wa kisukari afuate maneno ya daktari wake.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kugandisha: kufanya kitu cha majimaji kiwe kigumu kwa baridi.
Vijidudu: viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, baadhi yao huleta maradhi.
Kuelea: kukaa juu ya maji bila kuzama.
Kukwangua: kuondoa kitu kilichoshika ubavuni kwa kukiparua.

MASWALI

1. Kwa nini tulichemsha maziwa kabla ya kuyagandisha?
2. Chumvi hufanya kazi gani katika barafu?
3. Barafu ya samaki yafaa wapi, na haifai wapi?
4. Ukitaka kutengeneza bilauri 12, utanunua chupa ngapi za soda?
5. Jirani yako akwambia, "Hii ni safi, si unaona ilivyo baridi?" Mjibu kwa sentensi mbili.

Jibuni swali la tano kwa sauti darasani, kila mtu kwa maneno yake. Kisha andikeni. Na mtakapofika nyumbani, someni ukurasa huu kwa wale ambao hawajui kusoma, maana barafu haiwachagui.

Kwaherini, na afya njema.