Udaktari Ukiutazama Kutoka Mount Dennis

Mtaa wa Mount Dennis, magharibi mwa Toronto, ulilelewa na kiwanda cha Kodak. Kiwanda kilifungwa 2005, na jengo lake namba 9 sasa ni sehemu ya stesheni ya treni. Hospitali ya West Park, iliyoanza 1904 kuwatibu maskini wenye kifua kikuu, bado ipo. Kijana wa hapa ambaye mama yake alitoka Mombasa au Goma, na sasa anahudumia wazee zamu ya usiku, amezijua hospitali kupitia mlango wa wafanyakazi. Kujiona humo akiitwa daktari kunampa taabu.

Wakubwa humwambia ajiamini tu, basi. Lakini woga huo haukuzuka hewani. Mwaka 1918 Queen's University ya Kingston ilipiga marufuku wanafunzi weusi katika shule yake ya udaktari. Azimio hilo lilifutwa rasmi 2018, na chuo kikaomba radhi 2019. Hapa Toronto, Chika Oriuwa, binti wa wazazi Wanaijeria, alianza udaktari 2016 akiwa mweusi pekee katika darasa la wanafunzi 259. Mwaka 2020 ndiye aliyehutubia mahafali kwa niaba ya wenzake.

Alipokuwa bado anasoma, University of Toronto ilianzisha utaratibu wa maombi kwa wanafunzi weusi. Alama zinazotakiwa ni zilezile na hakuna viti vilivyotengwa. Mwombaji huandika insha ya ziada, na miongoni mwa wanaosoma faili lake huwamo weusi. Msimu wa 2020 waliingia weusi 24. Sidhani kama vijana weusi wa Toronto walipata akili ghafla ndani ya miaka minne.

Kwa hiyo aliyekataliwa, kabla ya kujilaumu, asome kanuni za kila chuo, maana hazifanani. MCAT, mtihani wa kuombea udaktari unaokula saa saba na nusu, hautakiwi University of Ottawa, wala katika shule mpya ya Toronto Metropolitan University iliyofunguliwa Brampton 2025 kwa wanafunzi 94. McMaster hutazama sehemu moja tu ya mtihani huo, ile ya ufahamu. University of Toronto humwondolea baadhi ya alama za chini aliyebeba masomo kamili kila mwaka, hivyo mwaka mmoja mbovu si lazima umzamishe. Na Queen's, ileile ya 1918, tangu maombi ya 2024 huwaingiza waliofikisha vigezo katika bahati nasibu ili kupata wa kuendelea nao. Aliyekosa hapo amekosa kura!

Maombi ya udaktari ya vyuo vya Ontario hupitia mfumo wa pamoja uitwao OMSAS, na dirisha lake hufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Barua za wadhamini ziombwe wakati wa kiangazi, kabla maprofesa hawajalemewa na muhula mpya.