Kisukari na Mishipa ya Damu: Kweli au Si Kweli?

Septemba 1998, madaktari wa kisukari walikutana Barcelona, Hispania, wakasomewa matokeo ya UKPDS, utafiti ulioanzishwa Uingereza mwaka 1977 na Robert Turner wa Oxford ukafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari aina ya pili. Waliyosikia siku zile yanajibu baadhi ya tunayoambiana hadi leo.

"Kisukari ni ugonjwa wa sukari tu."
SI KWELI. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu pia. Kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa asilimia 25. Lakini wenye presha walioishusha hadi wastani wa 144/82, badala ya 154/87, walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari vikapungua kwa asilimia 32. Anayepima sukari bila kupima presha anaacha nusu ya kazi.

"Mguu usiouma ni mzima."
SI KWELI. Kisukari huua neva, mguu ukafa ganzi. Mtu hukanyaga msumari asijue. Mishipa ikiwa imeziba, damu haifiki vya kutosha na kidonda hakiponi. Ndiyo maana daktari hugusa nyayo kwa uzi maalumu wa nailoni na kutafuta mapigo ya damu mguuni, hata kama hulalamiki.

"Maji ya moto huondoa ganzi."
SI KWELI. Mguu wenye ganzi hauhisi joto, kwa hiyo huungua kimyakimya. Osha kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, kausha hadi katikati ya vidole.

"Sigara huharakisha kukatwa mguu."
KWELI. Moshi wake huzidi kuziba mishipa ambayo kisukari kimeshaidhoofisha.

"Kukatwa mguu ni kudra, hakuzuiliki."
SI KWELI. Mwaka 1989, mkutano wa St Vincent, Italia, uliweka lengo la kupunguza kwa nusu ukataji wa miguu yenye kisukari. Nchini Tanzania nako, kupitia mradi wa Step by Step, madaktari na wauguzi wa mikoani wamefundishwa kukagua miguu na kutibu vidonda mapema.

Ewe mwenye kisukari, vua viatu kila jioni uangalie nyayo zako. Usipoona vizuri, mwombe mwanao akuangalilie. Ukiona kidonda, hata kidogo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kila uendapo kliniki, usitoke bila kupimwa presha na kukaguliwa miguu.