Daftari la Zaka Linapohamia Kwenye Kompyuta

Katika misikiti mingi ya huku Kahe, majina ya wanaostahiki zaka, mayatima na wajane hukaa ndani ya kauntabuku moja, nayo hufungiwa kabatini. Daftari hilo lina fadhila ambayo hatuitambui mpaka tuikose: jina likikatwa kwa wino, mkato huonekana. Mzee yeyote wa kamati aweza kuuliza ni nani aliyekata, na kwa sababu gani.

Sasa vijana wetu wanahamishia orodha hizo kwenye kompyuta, na ni jambo la kheri. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni phpMyAdmin, iliyoanzishwa na Tobias Ratschiller mwaka 1998 na inayotolewa bure. Hufunguliwa kwa kivinjari kile kile tunachosomea habari. Ikisakinishwa pamoja na kifurushi cha XAMPP, hufanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe hata pasipo na intaneti. Mtumiaji hahitaji kuijua lugha ya hifadhidata. Majedwali yamepangwa kushoto. Akibofya la wajane, humtokea mstari kwa mstari: jina, kitongoji, idadi ya watoto, na alichopewa Ramadhani iliyopita. Akibofya mara mbili juu ya tarakimu, huibadilisha pale pale.

Hapo ndipo penye hatari. Kwa kawaida tarakimu ya zamani haiachi alama. Jina la mjane likifutwa, programu huuliza mara moja tu kama mtu amekusudia, kisha limekwenda. Siku ya kugawa, mwenye orodha atamwambia mama huyo, tena kwa nia safi kabisa, kwamba hayumo. Atarudi nyumbani na mfuko mtupu, wala hapana karatasi ya kumshuhudia.

Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Naona (fat'wa nawaachia masheikh) kwamba orodha ya zaka isiyo na shahidi imechukua nusu tu ya mafunzo hayo.

Na shahidi aweza kupatikana humo humo. Kila mtumiaji hupewa idhini yake: mweka hazina asome na kuongeza, asiweze kufuta. Jedwali la pili laweza kutengenezwa ili lipokee lenyewe kila thamani ya zamani kabla haijabadilishwa, pamoja na saa yake. Tena kila mtu apewe namba yake ya pekee, maana akina Juma Saidi ni wengi. Jedwali lisilo na namba hiyo, phpMyAdmin hukataa kulihariri kwa kubofya.

Umasikini wa mtu nao ni siri yake, na tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nywila isiandikwe ukutani. Nakala ya hifadhidata itolewe kila Ijumaa baada ya swala, iwekwe kwenye flashi, na flashi hiyo itunzwe na mtu asiyekuwa katibu.