Bolti ya Sproketi Inapogoma Kulegea

Kazi ya kufungua injini na kuijenga upya huweza kusimama siku nzima kwa sababu ya bolti moja, ile inayoshikilia sproketi kwenye ncha ya kemshafti. Kemshafti ni mhimili wenye nundu zinazofungua vali, na sproketi ni gurudumu la meno linalovutwa na cheni au mkanda wa taimingi ili mhimili huo uende sambamba na krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kwa kuwa sproketi ikiteleza vali hufunguka wakati usio wake, na katika injini nyingi huweza hata kugongana na pistoni, watengenezaji huagiza bolti hiyo ikazwe sawasawa, na ukazaji huo ndio unaomsubiri fundi miaka mingi baadaye.

Bolti iliyokazwa hufanya kazi ya springi: chuma chake huvutwa kikarefuka, nacho kikijaribu kurudi katika urefu wake wa awali huibana sproketi dhidi ya mhimili. Bolti yenye kipenyo cha milimita 12, ikikazwa kavu kwa newtoni mita 100, kipimo cha kani ya kuzungusha, kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi hubana kwa newtoni 40,000 na ushei, yaani uzito wa tani nne hivi. Hata hivyo, sehemu ndogo tu ya jasho la fundi ndiyo inayoivuta bolti, kwa maana takriban nusu ya kani humezwa na msuguano chini ya kichwa chake, kama asilimia 40 humezwa na msuguano wa nyuzi, na asilimia 10 tu ndiyo hurefusha chuma. Wakati wa kufungua, msuguano huendelea kupinga lakini ule mvuto wa springi humgeukia fundi na kumsaidia, hivyo kwamba bolti safi hulegea kwa kani iliyo pungufu kidogo kuliko ile iliyoikaza. Hapa pana dokezo ambalo wengi hulipita kwa haraka ya kutafuta mpini mrefu zaidi: bolti iliyopaswa kukazwa kwa newtoni mita 100 ikigoma kwa 200, basi kuna kitu kimeongezeka, na ni busara kukijua kabla ya kushindana nacho.

Jibu hutegemea mahali bolti inapokaa. Katika injini ya cheni kama 1NZ-FE ya Toyota, ya lita 1.5, ambayo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi wameizoea kutokana na Probox na ndugu zake, sproketi hukaa ndani ya kava ikioga oili, kwa hiyo kutu ni nadra, na kuilowesha bolti kwa mafuta ya taa usiku kucha ni kuupoteza usiku huo. Mshukiwa huko ni fundi aliyetangulia, aliyekaza kwa kukisia, au gundi ya nyuzi, kimiminika kinachoganda kinapokosa hewa katikati ya chuma na chuma. Katika injini ya mkanda sproketi hukaa pakavu, unyevu hupenya kava ya plastiki, na kutu, ambayo hujaza nafasi inayozidi mara mbili ile ya chuma ilichokila, huzisonga nyuzi. Huko ndiko mafuta mepesi yanakofaa, kwa kuwa hunywewa na mianya miembamba bila kusukumwa, ilmradi yapewe saa kadhaa.

Uharibifu mwingi, hata hivyo, hautoki kwenye bolti bali kwenye namna ya kuuzuia mhimili usizunguke nayo. Kani yoyote lazima ipingwe mahali fulani, na fundi asipochagua mahali hapo, itapingwa na cheni, na reli za plastiki zinazoiongoza, au na pini ndogo iliyomo ndani ya sproketi ya VVT-i, ambayo hubadilisha majira ya vali kwa shinikizo la oili. Ndiyo maana kemshafti nyingi hutengenezwa zikiwa na sehemu ya pembe sita katikati ya nundu, mahususi kwa ajili ya spana. Spana hiyo ikiwekwa ili mpini wake ukaribiane na mpini unaofungua bolti, viganja viwili hutosha kuibana mipini pamoja, na mhimili hauinuliwi kutoka katika vikalio vyake vya alumini. Kazi hii hufanywa kabla kemshafti haijatolewa kwenye silinda hedi, kwa sababu ikishawekwa mezani hakuna cha kuituliza.

Pale ambapo msukumo wa polepole umeshindwa, pigo la ghafla huweza kufaulu. Msuguano tuli, yaani ule wa vitu visivyosogea, huwa mkubwa kuliko msuguano wa vitu vilivyokwisha kuanza kuteleza, kwa hiyo kinachohitajika ni chembe tu ya mwendo. Mashine ya impakti hutoa mapigo mafupi, na kemshafti, kwa uzito wake, haiwahi kuyafuata. Kwa kemshafti ya chuma cha kalibu, ambacho huvunjika bila kupinda, mkono bado ni salama zaidi.

Moto nao una hesabu yake. Bolti iliyotajwa, ikiwa sehemu yake inayovutwa ina urefu wa milimita 40, hurefuka kwa takriban milimita 0.09 inapokazwa; kichwa kikipashwa hadi bolti iwe na joto la nyuzi 100 za selsiasi zaidi ya chuma kinachoizunguka, hurefuka yenyewe kwa milimita 0.05 hivi, na zaidi ya nusu ya mbano hutoweka. Gundi kali zaidi hulainika karibu na nyuzi 250, joto ambalo sili za mpira zilizo jirani hazilivumilii, achilia mbali mvuke wa petroli.

Wakati wa kurudisha, mafuta yaliyotumika kulegeza hugeuka kuwa adui. Nyuzi zenye oili hupunguza msuguano, na zile zile newtoni mita 100 zilizokadiriwa kwa nyuzi kavu huweza kuivuta bolti kwa newtoni 55,000 badala ya 40,000. Kwa hiyo bolti na tundu lake husafishwa na kukaushwa kwanza, isipokuwa kitabu cha injini kikiagiza zipakwe oili, na bolti ya aina inayokazwa hadi chuma chake kirefuke bila kurudi hubadilishwa kwa mpya.